Dungu la Mtini: Kimo Kisikupumbaze

Mtu akiingia dukani Marekani kununua dungu la kuwindia kwa upinde, swali lake la kwanza huwa moja: linafika juu kiasi gani? Muuzaji naye huanzia hapohapo, maana kimo kinauzika. Futi 15, futi 18, futi 20, na ngazi ikirefuka bei nayo inapanda. Mimi swali hilo ningeliweka mwisho. Kwanza ningeuliza dungu linafungwa kwenye mti gani, kisha upepo utakuwa unaelekea wapi saa mtu atakayokuwa amekaa. Halafu lipo swali ambalo wengi hawaulizi kabisa: umefungwa na nini tangu mguu unapoachana na ardhi hadi unapoikanyaga tena?

Nazungumzia Wisconsin, jimbo la kwanza Marekani kutenga msimu wa kisheria wa kuwinda kulungu kwa upinde, mwaka 1934. Siku hizi msimu huo hufunguliwa katikati ya Septemba, majani yakiwa bado mabichi, na huvuka mwaka hadi Januari katika theluji. Anayewindwa ni kulungu wa mkia mweupe, mnyama mkubwa kuliko kulungu wetu wa Afrika Mashariki; dume wa huyo wa Marekani hupukutisha pembe na kuota nyingine kila mwaka. Msomaji aliyehamia kule huenda siku moja akaalikwa msituni na mwenzake wa kazini, na ajue mapema kwamba Wisconsin humtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye apitie mafunzo ya usalama kabla ya kupewa leseni ya kuwinda. Kwa tulio nyumbani, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania hauwindi bila kibali, kwa hiyo makala hii isimpandishe mtu mwembeni na upinde.

Dungu lenyewe si kitu kigeni kwetu. Mkulima wa mpunga Rufiji hulala juu ya dungu kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Tofauti ni kwamba yeye anataka aonekane na asikike, apige kelele wanyama wakimbie; mwindaji wa upinde anataka mnyama apite chini yake bila kujua kama kuna mtu. Na anataka apite karibu. Upinde wa kisasa wenye makapi, ambao Holless Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, unarusha mshale mbali na kwa kasi, lakini mwindaji mwenye busara bado hulenga chini ya mita 30. Tangu zamani upinde ni silaha ya karibu. Saxton Pope na Arthur Young, Wamarekani waliokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale, walikuwa na mwenzao Stewart Edward White akiwalinda kwa bunduki, na sidhani kama kuna wa kuwacheka.

Ukaribu huo ndio unaompandisha mtu mtini. Kuvuta upote ni tendo kubwa: mkono unarudi nyuma, bega linageuka, mwili mzima unajongea. Kulungu aliye mita 15 kutoka kwako, macho yenu yakiwa usawa mmoja, ataliona. Ukiwa juu unatoka kwenye mstari wake wa kawaida wa kuangalia, na harufu yako nayo hupata nafasi ya kupita juu ya kichwa chake. Faida ni hiyo, wala haiongezeki bila kikomo kadiri unavyopanda. Wapo wanaosema kulungu hatazami juu. Kulungu wa msitu unaowindwa kila mwaka hutazama juu, tena sana.

Madukani utakutana na aina nne. La ngazi ni zito, hutaka watu wawili au watatu kulisimamisha, na likishasimama hulihamishi ovyo. Pamoja na hayo, ndilo ningempa anayeanza, kwa sababu kupanda na kushuka kwake ni kwepesi. La kufunga ni jukwaa dogo lenye kiti, la kilo chache tu, linalokazwa shinani kwa mkanda baada ya kupanda kwa vipande vya ngazi. Ni jepesi kubeba, ila saa ya kulifunga mikono yote miwili ina kazi na wewe uko hewani. La kutambaa lina vipande viwili vinavyolishika shina kwa msuguano: unakalia cha juu ukivuta cha chini kwa miguu, unasimama kwenye cha chini ukisogeza cha juu. Vipande hivyo lazima viunganishwe kwa kamba. Kile cha chini kikikuponyoka kikaanguka, utabaki unaning'inia kwenye cha juu bila njia ya kushuka. La nne ni tandiko, mkanda mpana wa nyonga ambao mtu huukalia akiwa amefungwa mtini kwa kamba, uso ukiuelekea mti. Hili linapendwa sana miaka hii, na nalisifu kwa jambo moja, kwamba huwezi kulitumia bila kufungwa.

Soma kibandiko cha uzito. Mengi yameandikwa ratili 300, yaani kilo 136 hivi, na hesabu hiyo ni wewe pamoja na koti la Novemba, buti, begi na upinde.

Mti uwe hai, umenyooka, na unene wake uwe ndani ya kipimo alichoandika mtengenezaji. Hili la uhai si dogo. Tangu mwaka 2002, alipogunduliwa Michigan mdudu wa rangi ya zumaridi aliyetoka Asia, miti ya jamii ya Fraxinus imekufa kwa mamilioni, na mingi bado imesimama. Kwa mbali ni shina zuri lililonyooka, kwa ndani limekauka na matawi yake hukatika bila upepo. Mwaloni ni rafiki wa mwindaji kwa namna mbili: kokwa zake ni chakula cha kulungu, hasa za mwaloni mweupe ambazo hazina uchungu mwingi, na baadhi ya mialoni hung'ang'ania majani makavu hata baridi ikiingia, jambo linalokupa maficho wakati msitu mwingine uko uchi. Dungu la kutambaa usilitumie kwenye miti yenye gome linalobanduka vipande vipande na ile yenye gome laini linaloteleza.

Tukija kwenye upepo, kusini magharibi mwa Wisconsin ni darasa lenyewe. Ni nchi ya vilima na mabonde makali, kwa sababu barafu za kale zilizosawazisha sehemu kubwa ya jimbo hazikupita hapo. Utabiri wa hali ya hewa utakuambia upepo unatoka magharibi. Ndani ya bonde unazunguka na kurudi ulikotoka. Juu ya hilo kuna pumzi ya mlima wenyewe. Usiku hewa hupoa, huwa nzito na kuteremka bondeni. Jua likishapiga mteremko asubuhi, hewa hupata joto na kupanda. Ndiyo maana wazoefu hukaa juu ya kilima asubuhi na karibu na bonde jioni. Wanaoanza husahau saa ya katikati: ukifika dunguni saa kumi na moja alfajiri, hewa bado inateremka, na harufu yako inateremka nayo mpaka jua litoke. Kama kulungu wanapanda kutoka bondeni saa hiyo, umekwisha kujitangaza. Wengine hubeba mfukoni nyuzi laini kama sufi za mbegu za mmea wa porini, wakaziachia moja moja na kuzitazama zinakoelea. Poda ya chupa, ambayo wengine huipuliza kupima upepo, huonyesha upepo ulivyo puani mwako tu, uzi unaoelea utakuonyesha upepo hadi mita 30 mbele, pale ambapo mnyama atapita.

Elekeza dungu kwa kufuata mkono wako. Anayevuta upote kwa mkono wa kulia hupiga kwa wepesi upande wake wa kushoto, na upande wa kulia hulazimika kusimama na kujipinda. Basi njia ya wanyama iwe kushoto kwako.

Sasa turudi kwenye kimo, maana hesabu yake ni fupi. Tuseme mshale unatoka mita 6 juu ya kifua cha kulungu. Akiwa mita 20 kutoka kwenye shina, umbali wa mshazari toka jicho lako hadi kwake ni karibu mita 21. Tofauti si kitu. Akiwa mita 8, mshazari ni mita 10, na unalenga kama wa mita 8, kwa kuwa mvutano wa dunia huhesabu umbali wa ardhini. Kwa umbali mfupi hivyo, kosa la kulenga ni dogo. Kosa kubwa liko kwenye pembe. Katika mfano huo wa mita 8 mshale unashuka kwa nyuzi 37. Panda hadi mita 9, kulungu yuleyule sasa unampiga kwa nyuzi 48. Mapafu yake yamekaa ubavu kwa ubavu, na kadiri mshale unavyoshuka wima ndivyo unavyoelekea kupita pafu moja na kuliacha la pili, au kugota kwenye uti wa mgongo. Kulungu aliyetobolewa pafu moja anaweza kwenda mbali sana na asipatikane. Hii ni dhulma kwa mnyama, na mara nyingi chanzo chake ni mtu aliyelipia futi za ziada. Mita 5 hadi 6 zinatosha mahali pengi, hata mita 4 kama nyuma yako kuna matawi ya kukuficha. Akiwa chini ya miguu yako kabisa, mwache asogee. Ukipiga, vuta kwanza mikono ikiwa usawa wa mabega kama uko uwanjani, kisha inama kwa kiuno. Ukiinamisha mkono wa upinde peke yake, mkao wote unavunjika na mshale huenda juu.

Nimeliacha la kufungwa hadi hapa kwa sababu linahitaji nafasi. Wengi wanaoanguka hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, au katika ile hatua moja ya kutoka kwenye kipago kwenda kwenye jukwaa. Hanesi ya mwili mzima, ya aina wanayovaa mafundi wa nguzo za umeme, huvaliwa ukiwa bado ardhini, juu ya koti zito, na mikanda ya mapaja ikakazwa. Ijaribu nyumbani ukiwa na nguo zote, mchana. Wakati wa kufunga dungu, mkanda wa kuzunguka shina hupanda pamoja nawe, mikono ikabaki huru. Likishafungwa, acha kamba ya kudumu kutoka juu ya dungu hadi ardhini, yenye fundo la Prusik, ambalo lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Ukilisukuma kwa mkono linateleza. Likivutwa kwa uzito wa mtu linauma kamba na halisogei. Unajiunga nalo ukiwa bado chini, unalisukuma juu unavyopanda.

Vipago vyako vipite juu ya jukwaa, ili ushuke kulikanyaga. Usijivute kulipandia, wala usichanue miguu hewani kulifikia. Liwekee mguu mmoja, uzito ukiwa bado kwenye kipago, usikie kama linalia au kucheza. Mkono usiache kipago mpaka miguu yote miwili ituame. Kiungo cha hanesi kifungwe juu ya kichwa chako, ukikaa kisiwe kimelegea. Kikilegea, utaanguka mita nzima kabla hakijakushika. Hapo ndipo unavuta upinde kwa kamba, mishale ikiwa kwenye podo na vyembe vimefunikwa. Kupanda na upinde mkononi ni kosa ambalo sijasikia sababu yake hata moja nzuri.

Hanesi ikikudaka, kazi haijaisha. Mikanda ya mapaja hubana, damu hukusanyika miguuni, na mtu anayening'inia bila kusogea anaweza kupoteza fahamu baada ya muda mfupi. Ndiyo maana kuna kitanzi cha kukanyaga: kitoe, simama ndani yake, chezesha miguu, ujirudishe kwenye ngazi. Simu iwe mfuko wa kifuani, si kwenye begi lililotundikwa tawini. Na aliye nyumbani ajue uko mti upi. Kusema uko msituni tu hakumsaidii anayekutafuta usiku.

Misumari na vipago vya kuskurubu vimekatazwa katika misitu mingi ya umma, na Michigan hutaka dungu lililo katika ardhi ya umma liwe na jina na anwani ya mwenyewe, au namba inayomtambulisha. Msimu ukiisha lishushe hata kama shamba ni la shemeji yako. Mti unanenepa na kuuvuta mkanda, jua linaudhoofisha, na kindi hutafuna nailoni. Mkanda wenye nyuzi zilizochomoza haurekebishwi, unabadilishwa. Hanesi nazo huwa na tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo iliyoshonwa, na watengenezaji wengi huzipa miaka 5. Ikipita, ikate mikanda yake kwa kisu kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota na kuivaa.