Diski Itakayokufa: Utangulizi wa Seva ya Hifadhi ya Nyumbani

Siku ya kwanza ya somo hili mimi huweka mezani diski iliyokufa na kuifungua kwa bisibisi. Ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Diski ikiwa kazini, sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake bila kugusa, katika nafasi ambayo hata unywele haupenyi. Hii yangu ilibeba picha za familia za miaka sita, zikiwemo za mwisho za bibi. Jioni ilianza kulia tik, tik, tik. Asubuhi haikuamka, na nakala nyingine haikuwepo.

Kwa hiyo nakukaribisha katika fani hii kwa ombi moja: usianze kwa kuuliza ununue mashine gani. Uliza kwanza, zikifa diski ngapi kwa mpigo bado nitazipata picha zangu? Idadi ya diski, ukubwa wa kasha na gharama yote vinafuata jibu hilo.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala iliyotupa jina RAID. Walishauri kwamba badala ya diski moja kubwa ya ghali, watu watumie kundi la diski ndogo za kompyuta za kawaida. Herufi I katika jina lao ilisimamia unafuu wa bei. Ila walijua kwamba diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa nao unapanda. Dawa yao naipenda mpaka leo kwa sababu mtoto wa darasa la tano anaweza kuikokotoa.

Chukua diski nne. Ya kwanza ina 1, ya pili 0, ya tatu 1. Ya nne haibebi picha. Inabeba pariti, yaani inatunza hesabu ili jumla ya zile 1 iwe shufwa daima. Hapa ziko mbili, tayari ni shufwa, basi inaandika 0. Sasa chomoa diski ya pili. Umebaki na 1, pengo, 1, na 0. Pengo likiwa 1, jumla inakuwa witiri, na sheria imevunjika. Basi pengo ni 0. Umeirudisha tarakimu kutoka kwa diski isiyokuwepo! Aina ya RAID iitwayo RAID 5 hufanya hivyo hivyo kwa mabilioni ya tarakimu, isipokuwa husambaza pariti kwenye diski zote.

Diski nne za terabaiti 4 kwa mpango huo zinakupa nafasi ya terabaiti 12, na moja ikifa unasalimika. RAID 6, yenye pariti mbili, inakupa 8, lakini mbili zikifa bado umesimama. Kwa diski kubwa mimi huchagua RAID 6. Kujaza upya diski ya terabaiti 8 kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua kama saa 15, na saa zote hizo diski zilizobaki zinasomwa mfululizo. Kama ulizinunua siku moja, zimechakaa pamoja.

Mashine yenyewe haihitaji makuu. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu na nafasi ya kufunga diski, inatosha nyumba nyingi. Programu kama OpenMediaVault hupatikana bure. Iunganishe na ruta kwa waya. Pesa iende kwenye diski, na hapa soma karatasi ya vipimo kwa makini. Kuna diski za SMR, ambazo mistari yake ya sumaku hulaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima ufumue ya juu yake. Katika kazi ya kujaza upya huweza kuzorota vibaya. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani zilikuwa za aina hiyo bila kuandikwa. Tafuta zilizoandikwa CMR, ambazo mistari yake hailaliani.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na pariti yake vinaweza kupishana. ZFS, mfumo wa faili uliotengenezwa Sun Microsystems na kutolewa mwaka 2005, huandika data mpya mahali pengine kwanza, kisha ndipo unaiacha ya zamani. Hata hivyo nunua UPS, yaani betri inayoiwezesha mashine kuendelea umeme ukikatika, hasa unapoishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa.

Na RAID si nakala. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote nne papo hapo. Mwizi naye hubeba kasha zima. Nakala ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa shemeji.

Zoezi la kwanza ni hili. Weka kwenye seva mafaili ambayo una nakala zake, zima mashine, chomoa waya wa diski moja, kisha iwashe. Fungua picha yoyote.