Usingoje moto uwake ndipo uanze kutafuta nambari ya zimamoto

Kwenye simu yako una nambari ya mtu wa boda, ya fundi wa WiFi na ya mama anayekuletea chapati. Je, ploti yenu ikishika moto saa nane usiku, utampigia nani?

Wengi wetu hutoa simu na kurekodi video kwanza. Kila mtu hudhani mwenzake ameshapiga simu. Gari la zimamoto linapofika, paa limeanguka na wazimamoto wanapokelewa kwa matusi, wakati mwingine hata kwa mawe.

Kabla ya kulaumu, elewa kazi yao ni gani na yako ni gani.

Ni kazi ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kuzima moto na kukabiliana na majanga. Jijini Nairobi, kituo kikuu kiko Tom Mboya Street, katikati ya msongamano wa matatu na mikokoteni. Kuna kingine Enterprise Road, Industrial Area. Kama unaona mtaa wenu uko mbali na huduma, swali hilo mpelekee MCA wako, na ulirudie kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee kwa sababu sisi vijana hatuendi.

Wazimamoto pia hawashughulikii moto pekee. Wao hukata vyuma vya gari kumtoa dereva aliyebanwa, huwatafuta watu kwenye vifusi jengo likiporomoka, na huokoa waliotumbukia visimani au kuzingirwa na mafuriko. Kisha kuna kazi isiyoonekana kwenye video: kukagua majengo na biashara. Wanaangalia milango ya dharura, mitungi ya kuzima moto, nyaya za stima na mahali gesi inahifadhiwa.

Ukaguzi ukipuuzwa, gharama yake ni maisha. Januari 2009, zaidi ya watu 20 walifariki duka la Nakumatt Downtown lilipoteketea, na maswali mengi baadaye yalihusu milango ya kutokea. Februari 2024, gesi ililipuka usiku eneo la Mradi, Embakasi, katikati ya nyumba za watu. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo hicho. Miongoni mwa walioumia walikuwemo wakazi waliokuwa nyumbani kwao.

Kwa nini wanachelewa?

Sababu nyingine ni za serikali: vituo vichache, magari machache, na bomba za maji ya dharura ambazo hazifanyi kazi au zimejengewa juu. Maji yaliyo kwenye gari huisha kwa dakika chache tu mpira ukifunguliwa kikamilifu. Ndiyo maana unaliona likiondoka moto bado unawaka. Halijatoroka, limeenda kujaza maji.

Sababu nyingine ni zetu. Kibanda kimesukumwa hadi katikati ya barabara. Gari limeegeshwa kwenye lango la ploti. Anayepiga simu anasema "huku Pipeline" halafu anakata. Na stima isipozimwa, hakuna mzimamoto atakayemwaga maji juu ya nyaya zenye umeme.

Ukiona moto

Piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu linapatikana kwa 1199. Tafuta pia nambari ya kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe na uihifadhi leo. Ukipiga, taja mtaa, barabara na kitu kinachojulikana hapo karibu, kama shule au kituo cha mafuta. Sema kinachoungua ni nini na kama kuna watu ndani. Usiwe wa kwanza kukata simu.

Mafuta ya kupikia yakishika moto, usimwage maji hata kidogo. Yatageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi kwenye dari. Zima gesi ikiwa unaweza kuifikia, kisha funika sufuria. Ukinusa gesi imevuja, usiguse swichi wala kiberiti. Fungua madirisha, funga mtungi, toka nje.

Moshi ukijaa, tambaa. Hewa nzuri iko chini. Funga mlango nyuma yako. Laptopu iache.

Na petroli ikimwagika, kimbia upande mwingine. Mnamo Septemba 12, 2011 mtaani Sinai, watu walienda kuchota mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba. Zaidi ya 100 walifariki.

Kagua keja yako

Zunguka ploti yenu jioni ya leo. Madirisha yana vyuma? Basi ufunguo wa mlango ukae mahali ambapo kila mtu anaweza kuupata gizani. Geti likifungwa usiku, ni nani ana ufunguo zaidi ya keateka? Ngazi imejaa mitungi na baiskeli? Ekstenshoni moja inabeba friji, pasi na hita?

Tafuta mtungi wa kuzima moto na usome maandishi yake. Wa maji ni wa mbao, nguo na karatasi. Wa kaboni dayoksaidi unafaa vifaa vya umeme. Ukiutumia, vuta pini na uelekeze chini ya moto, si kwenye ndimi zake.

Kazini nako, sheria za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinamtaka mwajiri afanye mazoezi ya kuhama jengo angalau mara moja kwa mwaka. Kama hujawahi kuyaona ofisini kwenu, uliza. Landilodi naye mwulize lini jengo lilikaguliwa. Akikasirika, mwulizeni mkiwa wapangaji kumi.