Bluberi Haitaki Udongo Unaousifia

Mkulima akiona majani machanga ya bluberi yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwanza hufikiria samadi. Akiimwaga, hasa ya kuku, mara nyingi hali huwa mbaya zaidi. Mmea huu hauna njaa ya samadi. Unakosa chuma ambacho kipo udongoni lakini hauwezi kukifyonza, kwa sababu udongo hauna tindikali ya kutosha.

Kosa hilo la kutojua udongo unaoifaa lilichangia bluberi kubaki tunda la porini huko Marekani hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo, alianza majaribio mwaka 1906, na mwaka 1910 akachapisha jibu: bluberi hustawi kwenye udongo mchachu, na chokaa huidhuru. Elizabeth White wa Whitesbog, New Jersey, alisoma ripoti hiyo akamwandikia. Aliwalipa wachumaji wa porini wamtafutie vichaka vyenye matunda makubwa, akawapa kibao chenye tundu la milimita 16 hivi. Tunda lililopita tunduni halikumfaa. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza. Aina ya Rubel, iliyotokana na kichaka kimoja cha msako huo, inalimwa hadi leo.

Mizizi ya bluberi ni myembamba mno na haina vinyweleo vya kufyonzea chakula ambavyo mimea mingi inavyo. Porini husaidiwa na kuvu wanaoishi ndani yake. Bluberi inataka pH kati ya 4.5 na 5.5, karibu sawa na chai, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) huifaa kuliko CAN (nitreti ya amonia yenye kalsiamu).

Baridi nayo ni kikwazo. Aina za kaskazini huhitaji mamia ya saa chini ya nyuzi 7 ili zichanue vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walizichanganya na bluberi pori ya kwao, wakapata aina zinazoridhika na baridi kidogo. Aina za namna hiyo ndizo zilizofungua njia kwa mashamba ya nyanda za juu za Kenya.

Miche ni ghali. Kabla ya kununua hata mmoja, peleka udongo na maji ya kumwagilia maabara yapimwe pH. pH ya udongo ikizidi sana, panda kwenye vyungu vilivyojazwa makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi.