Ukisikia "ko!" ukitia gia, usikimbilie kununua giaboksi

Uko stejini nje ya Sigalagala Poly na Fielder yako ya mtumba. Unaitoa P kuingia D, chini inagonga "ko!" Watu wa boda wanageuka. Fundi atakwambia giaboksi imekufa. Tulia kwanza.

Mgongo wa mara moja namna hiyo mara nyingi ni raba zinazoshikilia injini. Zikipasuka, injini inaruka kila ukibadilisha gia. Kanyaga breki kabisa, badilisha R na D, mwenzako atazame boneti ikiwa wazi. Asimame kando, si mbele!

Mvumo unaopanda ukikanyaga mafuta ni hadithi nyingine: huenda mafuta ya gia yamepungua, au filta imeziba.

Hapa ndipo wengi huumia. Fielder na Note nyingi kutoka Japani ni CVT: ndani kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Zina mafuta yake. Ukimwaga ATF ya kawaida, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na sasa kweli utatafuta giaboksi. Soma kitabu cha gari, rangi ya mafuta haikuambii kitu.

Na ikianza kusaga chuma kwa chuma, zima papo hapo. Usijaribu hata kuifikisha Khayega.