Niliuza machweo ya Mida siku ambayo maji hayakuwepo

Leo siongelei mzigo wa mitumba wala jinsi ya kupiga picha viatu. Naongelea bidhaa ambayo haikai kwenye rafu, na vile ilinitia hasara ya shilingi 5,500 siku ya kwanza tu kuiuza.

Mimi nina kiduka hapa Gede, mlango mmoja, lakini wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Nauza mifuko ya simu isiyoingia maji, kofia, leso na ndala. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, haya mengine nimejifunza kwa kuharibu. Sasa kuna siku nilitaka picha nzuri ya ile mifuko ya simu. Nikamwomba mjomba wangu anipakie kwenye kayaki anipeleke Mida jioni. Mjomba alikuwa mvuvi, siku hizi anatembeza wageni.

Kwa wasiopajua, Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, Kaunti ya Kilifi. Mdomo wake ni mwembamba, ndani unapanuka, na pembezoni ni mikoko mitupu. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968.

Basi nikapiga picha: mkono wangu, simu ndani ya mfuko, nyuma mikoko na jua jekundu. Nikaposti na bei nikaweka. Komenti zikaja zaidi ya arobaini. Waliouliza habari ya mfuko walikuwa sita. Waliobaki wote walikuwa wanaulizia kilicho nyuma ya mfuko. "Hapo ni wapi?" "Mnapeleka watu?" "Na chakula mnapika?" Yaani mimi nauza mfuko wa shilingi 400 na watu wanataka kununua jua.

Nikaona riziki hiyo. Nikaandika posti mpya, picha ileile: safari ya kayaki kwenye mikoko jioni, mwongozaji yupo, chakula cha usiku ufukweni, shilingi 3,500 kwa kila mtu. Wakajitokeza watu wanane wa ofisi moja Nairobi, wanakuja Watamu wikendi fulani. Wakatuma 28,000 zote kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Nilicheza dukani peke yangu.

Mjomba nilimwambia Ijumaa, safari ni Jumamosi. Akaangalia juu kidogo kama mtu anayehesabu, akaniuliza, "Mwanangu, umeangalia maji?" Nikamwambia mjomba, maji si yapo kila siku. Akasema tuwasogeze wiki ijayo. Nikamjibu watu washapanda treni, na pesa nishaila nusu kwa kununua samaki. Akanyamaza. Sasa hivi najua kwamba mtu mzima wa baharini akinyamaza hivyo, wewe uahirishe.

Jumamosi saa 11 jioni tumefika, Mida iko wazi. Tope. Maji yamebaki kwenye mkondo mkubwa wa katikati tu, na ile njia nyembamba iliyo pichani, inayopita chini ya matawi ya mikoko, imekauka, kaa wanatembea juu yake. Tukaburuta kayaki nne kwenye tope linalofika magotini. Dada mmoja ndala yake ikabaki humo humo, na ndala hiyo nilimuuzia mimi asubuhi. Jua lilipozama walikuwa katikati ya mkondo wanapiga kasia kwenye uwazi, mikoko wanaiona kwa mbali kama ua la nyumba ya jirani. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aliniuliza taratibu tu, "Hii picha uliyoweka, uliipiga wapi?" Afadhali angenitukana.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kayaki nne za watu wawiliwawili 6,000. Waongozaji wawili 4,000. Chakula 6,400. Mtumbwi wa kubeba vyombo na kukaa karibu na wageni 1,500. Kuni, taa, maji ya kunywa na madafu 1,600. Jumla 19,500. Ningebaki na 8,500 safi. Usiku ule ule nikawarudishia nusu ya pesa yao, 14,000, bila wao kuomba. Ndiyo hiyo hasara ya 5,500, na ilitoka kwenye pesa ya mzigo wa kofia.

Kuna mtu atasema ningesubiri walalamike kwanza. Mimi sikuona hivyo. Picha niliyowaonyesha na kitu nilichowapa vilikuwa vitu viwili, na nililijua hilo tangu nilipoona lile tope.

Siku ya pili mjomba akanikalisha kwenye benchi nje ya duka akanifundisha maji. Nawapa kama alivyonipa, maana wengi wenu mko Kilifi, Lamu, Tanga, Unguja, na hii biashara iko mlangoni kwenu.

Jua la kwetu halina maneno. Mwaka mzima linazama saa 12 na dakika zake, tofauti haifiki hata saa nzima. Maji ndiyo yanayohama. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku mwezi unapoandama, na siku ya mwezi mpevu, huku kwetu maji hujaa mnamo saa 10 alasiri. Hayo ndiyo maji ya bamvua, makubwa, yanapanda na kushuka karibu mita 4 pwani yetu. Ukisogea siku mbili tatu mbele, kujaa kunaangukia saa 11 na nusu, saa 12, yaani pamoja na machweo. Lakini ukienda siku ya saba, maji yanakuwa mafu, na saa 10 alasiri hiyohiyo ndiyo yametoka. Mimi niliwaleta watu wa Nairobi siku ya saba. Juu ya hapo, ndani ya Mida maji huchelewa kidogo nyuma ya bahari ya nje, kwa sababu yanapita mdomo mwembamba.

Kwa hiyo machweo kwenye mikoko si bidhaa ya kila siku. Nikihesabu vizuri napata siku tano baada ya mwezi kuandama na siku tano baada ya mwezi mpevu. Kumi kwa mwezi, na hapo sijatoa siku za mvua ya masika wala siku ambazo kusi inavuma mpaka mgeni anapiga kasia anarudi nyuma. Wauzaji tunapenda kuandika "zimebaki nafasi tatu tu!" na stoo imejaa. Mimi siku hizi nikiandika hivyo ni kweli, na mteja akiniuliza kwa nini, namweleza habari ya mwezi. Ajabu ni kwamba yale maelezo yenyewe yanauza. Mtu akishajua kwa nini ni Alhamisi na si Jumamosi, anaomba ruhusa kazini.

Siku ya maji yenyewe, safari inakwenda hivi. Tunakutana saa 10 na nusu. Kila mtu anavaa jaketi la kuelea, hata yule anayesema yeye alizaliwa Mtongwe. Mjomba anafundisha kasia nchi kavu kwanza, dakika kumi. Tunaingia na maji yanayomalizia kujaa, maana yanakusukuma ndani bila nguvu nyingi, na tutatoka nayo yakianza kurudi. Mbele kabisa, upande wa bahari, imesimama mililana. Kisha mikoko yenyewe, ile yenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Ukiingia chini yake sauti ya barabara inakatika. Unasikia kasia, na tope linalotoa sauti ya kupasukapasuka kama mafuta kwenye kikaango.

Mjomba huwa anasimamisha kayaki kwenye mchu. Anachuma jani moja anampa mgeni alambe. Jani lina chumvi, kwa sababu mti ule unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli, ndiyo inayopumua. Halafu anaonyesha vile mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mama yake, ndefu kama bamia kubwa, ikidondoka inajichomeka kwenye tope. Wageni wanapenda hapa kuliko jua lenyewe. Babu zetu mikoko hii waliikata boriti, na boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini mpaka Uarabuni. Siku hizi kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao bila kukata mti, mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Hiyo nayo ni bidhaa isiyokaa kwenye rafu, lakini tuiache, nitatoka nje ya mada.

Jua likigusa miti tunatoka kwenye njia nyembamba tunakaa uwazini. Hapo hakuna maelezo. Mjomba amenikataza kuongea na kupiga laivu. Dakika kumi na tano za kunyamaza, ndizo wanazozilipia.

Chakula sasa. Wengi wanaharibu hapa. Kile kifungu cha mchanga kinachovutia saa 8 mchana, bamvua ikijaa saa 12 kiko chini ya maji. Angalia alama ya takataka za bahari ufukweni, mkeka uutandike juu yake, na uwe umeomba ruhusa kwa wenye eneo mapema. Moto uwe mbali na miti. Shangazi anapika wali wa nazi nyumbani, unakuja na pikipiki ndani ya sufuria iliyofungwa leso. Samaki wa kupaka tunamchoma palepale, changu au tafi kulingana na alichopata mvuvi, na sambusa za kaa zinatangulia ili watu wasisubiri kwa njaa. Kachumbari, ndimu, dafu. Pombe siuzi, na mjomba hampakii mtu aliyekunywa. Nauliza mapema nani hali samaki. Kuna siku sikuuliza, mgeni akala wali na kachumbari huku anatabasamu, na najua lilikuwa tabasamu la adabu.

Na mbu. Mbu na usubi wa mikoko saa ile hawana simile. Nilikuwa siandiki habari hiyo nikiogopa kufukuza wateja. Sasa naandika kwenye posti yenyewe: njoo na suruali ndefu na dawa ya kupaka, ukisahau ninayo dukani. Nauza chupa nne tano kila safari.

Wiki ya mwezi mpevu, mkisha kula, mwezi unachomoza mwekundu mnamo saa 1 na nusu au saa 2 usiku upande wa bahari. Wiki ya mwezi mwandamo hakuna mwezi wa kutosha, kuna nyota. Hizo naziuza kama safari mbili tofauti na kila moja ina picha zake. Chini ya kila picha naandika ilipigwa siku ya ngapi ya mwezi. Siku za maji kutoka sijazitupa pia. Maji yakitoka, ndege wanashuka kwenye tope kula, na kuna watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kumtazama yule ndege mweupe na mweusi anayekula kaa. Hao tunawatembeza kwa miguu, 1,200 bila chakula, na viatu vya tope nakodisha.

Malipo nayo nilibadilisha. Nachukua dipoziti ya 1,000, na siigusi mpaka mjomba aseme "maji yapo". Iliyobaki wanalipa wakishavaa jaketi. Mvua au upepo ukizuia, mteja anachagua tarehe nyingine au pesa yake inarudi siku hiyohiyo. Ada ya hifadhi nauliza kabla ya kutangaza bei, na naandika wazi kama imo ndani au haimo, maana mgeni akidaiwa mlangoni atadhani ni wewe unamla.

Wale wa Nairobi niliwatumia ujumbe miezi mitatu baadaye. Nikawaeleza kosa lilikuwa langu na nikawapa tarehe nne. Walirudi watano. Watatu hawakunijibu mpaka leo, na siwalaumu. Yule dada wa ndala alikuwemo, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, mbele kabisa na mjomba. Nilimletea ndala mpya. Akaniambia aweke moja mguuni na nyingine niishike mimi mpaka turudi.