Krismasi ya Mgeni katika Nchi ya Uingereza

Wasikilizaji wetu, kila mwaka vijana wa Afrika ya Mashariki huenda Uingereza kwa masomo au kwa kazi, na wengi wao hukutwa na Krismasi yao ya kwanza huko pasipo kuwa tayari. Kwa hivi twapenda leo kueleza jinsi ya kujitayarisha, maana sikukuu hiyo, ijapokuwa ni moja, haifanywi kwa namna moja kila mahali.

Kwetu Krismasi ni sikukuu ya mlango wazi. Watu wakitoka kanisani hutembeleana, na mgeni apigaye hodi hupewa pilau bila kuulizwa ameitwa na nani. Kwa Waingereza aghalabu mlango hufungwa. Si kwa uchoyo. Siku ile ni ya jamaa wa nyumba moja, na viti na chakula vimekwisha kuhesabiwa. Asiyejua desturi hii hudhani amechukiwa. Sisi wenyewe mwaka wetu wa kwanza tulikaa chumbani tangu asubuhi, tumevaa nguo nzuri, tukingoja hodi. Haikuja. Siku chache baadaye jirani alituuliza kwa mshangao kwa nini hatukumwambia kwamba tu peke yetu, kwa kuwa yeye alidhani tumekwenda kwa rafiki. Yeye alinyamaza kwa adabu, nasi tulinyamaza kwa adabu, na adabu hizo mbili zikatunyima sikukuu.

Basi jambo la kwanza ni kusema mapema. Mwanzoni mwa Desemba mwambie padre au mchungaji, mwalimu wako, au mwenzako wa kazini, kwamba utakuwa peke yako. Kusema hivyo si kuomba sadaka. Wazee wetu walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukialikwa, jibu upesi, taja chakula usichokula, chukua zawadi ndogo, na fika saa ile ile uliyoambiwa.

Jambo la pili ni safari na chakula. Tarehe 25 Desemba mabasi ya London na treni zake za chini ya ardhi hazitembei kabisa, na treni za nchi nzima karibu zote husimama. Tarehe 26 nazo huwa chache. Sheria ya mwaka 2004 yakataza maduka makubwa ya England na Wales, yaani yaliyozidi meta za mraba 280, kufunguliwa siku ya Krismasi. Duka dogo laweza kuwa wazi, lakini halifai kutegemewa. Nunua mahitaji yako mapema; na kama umealikwa mbali, nenda siku iliyotangulia, au patana na mwenyeji akuchukue kwa motokaa. Wewe ukaaye katika nyumba ya wanafunzi, uliza mapema kama nyumba itakuwa wazi na kama moto wa kupasha vyumba utawashwa.

Jambo la tatu ni giza. Siku hizo jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, nalo hutua karibu na saa kumi alasiri. Akaaye bure chumbani huona ukiwa wake ukizidi. Kwa hivi ipange siku yako: kanisani asubuhi, matembezi kungali na mwanga, na simu kwa wazazi. Kumbuka kwamba saa sita mchana kwetu ni saa tatu asubuhi kwao. Ukingoja mpaka usiku utawaamsha. Saa tisa alasiri wenyeji wengi husikiliza hotuba ya Mfalme, desturi iliyoanzwa kwa redio na Mfalme George wa Tano mwaka 1932. Usishangae mazungumzo yakikoma.

Na kama hukualikwa na mtu? Hapo alika wewe. Katika mji wako hapana budi wako wageni wengine, Mhindi, Mnigeria, au Mganda, naye pia angoja hodi. Sufuria moja ya pilau yatosha kuanzisha jamaa.

Twamaliza kwa habari ya wageni wengine. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia Norway kwa vita, na Mfalme Haakon wa Saba pamoja na serikali yake wakakimbilia London, wakakaa huko mpaka mwaka 1945. Krismasi zao za miaka ile zilikuwa za ugenini. Hawakusahau waliowapokea. Tangu mwaka 1947 mji wa Oslo hupeleka London kila mwaka mti mkubwa wa Krismasi, kuwa shukrani, nao husimamishwa katika Trafalgar Square. Ndugu yetu uliye ugenini, nenda ukautazame. Wenyeji hupita chini yake kwa maelfu. Nao ni zawadi ya watu waliokuwa wageni kama wewe.