Dirisha Halivai Pazia

Wateja wengi wanaonijia hapa Ijuganyondo, Bukoba, huwa na kikaratasi kilichoandikwa: "Futi tano kwa tano, rangi ya bluu." Hicho ni kipimo cha tundu aliloliacha mwashi. Nikishona kwa kipimo hicho, pazia litafika nyumbani likiwa fupi na jembamba, jua litapenya pembeni, na jirani anayekatiza kwenye migomba ataona mmepakua nini mezani. Dirisha halivai pazia. Linalovaa ni bomba la kutundikia, na bomba ndilo la kupimwa.

Lakini kabla ya futi kamba, tuzungumze kitambaa, maana mji wetu una tabia zake. Bukoba hupata mvua ya wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Ongeza unyevu wa ziwa, kisha ongeza migomba inayozunguka nyumba nyingi za Ijuganyondo na kuzuia upepo na jua kufika ukutani. Pamba nzito katika nyumba ya namna hiyo hunywa unyevu, hukawia kukauka, na baada ya misimu miwili ya masika utaona vidoa vyeusi vya kuvu kwenye upindo wa chini. Mahameli nayo inapendeza sana dukani, ila ikishalowa inahitaji siku kadhaa za jua, na mwezi wa Aprili jua hilo hulipati.

Kwa nyumba nyingi za huku napendekeza poliesta, au mchanganyiko ambao poliesta ndiyo kubwa. Hukauka upesi, haisinyai na haipendwi na kuvu kama pamba. Ukitaka kuhakikisha ulichouziwa, chomoa nyuzi mbili na uziwashe kiberiti. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiamua kuchukua pamba, ifue na kuianika kabla haijakatwa. Ikisinyaa kwa asilimia 3 tu, pazia la mita mbili na nusu limepoteza sentimita 7 na nusu, na mapazia yanayoning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla hayana dawa.

Kuhusu jua, tukumbuke tunaishi karibu sana na ikweta. Saa sita mchana jua letu liko karibu na utosi mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini au kusini hukingwa na upenu wa paa. Mateso yako mashariki, ambako jua huchomoza ziwani na kuingia moja kwa moja chumbani, na magharibi wakati wa alasiri. Madirisha ya pande hizo mbili ndiyo yanayostahili fedha ya bitana. Bitana hupokea jua badala ya kitambaa cha mbele, na rangi hudumu. Nyekundu na bluu iliyokoza zisizo na bitana upande wa mashariki zitapauka mapema. Chumba kinachofunikwa na migomba nacho kinataka rangi nyeupe ya maziwa, krimu au kijivu chepesi, la sivyo utawasha taa mchana.

Shia, lile pazia jepesi linaloonyesha, nayo ina siri yake. Mchana, nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, kwa hiyo wewe unaona nje na mpita njia haoni ndani. Usiku taa ikiwaka, mambo yanageuka: wewe huoni kitu, yeye anaona kila kitu. Shia peke yake si sitara ya usiku. Weka shia upande wa kioo na pazia zito mbele yake, kwenye bomba la njia mbili.

Sasa tupime. Funga bomba kwanza. Liweke sentimita 15 hivi juu ya dirisha, na ulipitishe pembeni sentimita 20 kila upande, ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani badala ya kuziba kioo. Hapo juu ya dirisha mara nyingi utakuta linta ya zege, kwa hiyo andaa drili na plagi, si misumari. Na baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, nyumba nyingi za Bukoba zilizibwa nyufa na kupigwa rangi upya. Usitoboe kwenye ufa uliozibwa. Sogea pembeni, maana plagi haitashika. Ukuta au sakafu ikiwa imekaa upande, pima urefu mahali patatu, kushoto, katikati na kulia, ushone kwa kipimo kifupi kuliko vyote.

Tuchukue lile dirisha la futi tano, yaani kama sentimita 150. Bomba lake litakuwa 150 na 20 na 20, jumla 190. Ili pazia lipate marinda, zidisha kwa mbili: sentimita 380. Shia hutaka mara mbili na nusu: 475. Kipimo cha chini ya hapo hutoa pazia lililokakamaa kama shuka lililoanikwa.

Urefu: dirisha likiishia sentimita 210 kutoka sakafuni, bomba liko 225. Pazia la ringi husimama kama sentimita 3 juu ya bomba, na chini liache sakafu kwa sentimita 2. Pazia likikamilika litakuwa 226. Ongeza 10 za kukunja juu na 15 za upindo wa chini, unakata 251. Upindo mpana una kazi: unalipa pazia uzito upepo wa ziwani usilipeperushe.

Dukani utauliza mapana ya kitambaa kabla ya bei. Kipo cha mita 2.80, ambacho mapana yake hugeuzwa kuwa urefu wa pazia. Hapo unanunua mita 3.80 na sentimita 20 za mapindo ya pembeni: mita 4. Kipo pia cha mita 1.50, ambacho unahitaji vipande vitatu vya sentimita 251, yaani mita 7.53, sema 7.6, pamoja na kazi ya kuunga. Hivyo hata kama mita moja ya kitambaa kipana ni ghali mara moja na nusu, bado umeokoa fedha. Kwenye hicho chembamba, maua makubwa nayo hula kitambaa: yakijirudia kila sentimita 60, kila kipande kitakatwa 300 badala ya 251 ili maua yakutane, na mita 7.6 zinakuwa 9.

Ringi ziwe idadi shufwa kila upande, ili kingo zote mbili za pazia zielekee ukutani. Kwa dirisha letu, ringi 12 kila upande zinatosha, zikiachana kama sentimita 16.

Pazia la mlango wa chumba lisiburuzike. Liache sentimita 4 au 5 ili dada anayedeki asilowanishe upindo kila asubuhi. Jikoni, weka fupi linaloishia kwenye kizingiti cha chini cha dirisha, mbali na moto wa jiko.

Zamani, nyumba ya msonge ya huku kwetu Buhaya ilikuwa na mlango mmoja na haikuhitaji pazia la dirisha. Kitambaa cha thamani kilikuwa lubugo, kilichopondwa kutoka gome la mti, na kilikuwa vazi la mtu. Leo tumejenga madirisha makubwa, nayo yanadai vazi. Basi ndugu msomaji, safari ijayo usije kwa fundi na kipimo cha tundu. Funga bomba, pima bomba, kisha tukutane.